Harufu ya Tumbaku Jikoni kwa Mama

Wivu wangu ulianza na firigisi. Najua ni aibu kwa mtu mzima, mama wa mtoto, mwenye kazi ya kutumia akili, kukasirikia kipande cha kuku, lakini nikianzia kwingine nitakuwa nimedanganya.

Tangu baba afariki, firigisi pale nyumbani ilikuwa yangu. Kwa mila za kwetu haikuwa yangu hata kidogo. Huwekewa mwenye nyumba, au mgeni wa heshima, na wanaume ndio hutangulia. Lakini kuku wa kwanza kuchinjwa nyumbani kwetu Kibomet, pale Kitale, baada ya matanga ya baba, mama aliiweka firigisi kwenye sahani yangu bila kusema kitu, nami nikaila bila kusema kitu. Ikawa hivyo kila kuku alipochinjwa. Halafu Jumamosi moja nikarudi kutoka Bungoma na njaa yangu, nikaketi mezani, nikaiona iko kwenye sahani ya mwenzangu wa kazini.

"Mgeni ndio anapewa," mama alisema alipoona macho yangu yameenda wapi.

"Si huyu amekuwa mwenyeji?" nikasema. "Ameshakaa mpaka anajua kuku wote kwa sura."

Nilicheka kwa meno tu. Mwenzangu akaikata firigisi katikati, akaniwekea nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nikaitafuna haki yangu kwa hisani ya mtu mwingine, tena nikamwambia asante.

Nieleze jinsi alivyofika mezani kwetu. Mimi naandika programu za kompyuta katika maabara ndogo ya utafiti wa ubongo, mjini Bungoma. Hatupasui kichwa cha mtu. Tunatengeneza ubongo wa hesabu ndani ya kompyuta, seli baada ya seli, ili tuone kifafa kinavyoanza na kinavyosambaa, na pengine siku moja tuwaambie madaktari wakizuie wapi. Ubongo wa namna hiyo ni mkubwa mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo hukatwa vipande, kila kipande kikapewa prosesa yake, na prosesa zote zikafanya hesabu kwa wakati mmoja. Mimi ndiye mkataji. Kila baada ya hatua ndogo, prosesa zote husimama na kupashana habari: seli gani imetoa cheche, cheche imeelekea wapi. Kisha huendelea pamoja. Moja ikichelewa, nyingine zote zinakaa bure zikiingojea.

Ukiondoa maneno makubwa, kazi yangu ni kupigana na huko kungojeana. Kwenye skrini yangu muda wa kazi huonekana kijani na muda wa kungoja huonekana mweupe. Mimi huuchukia ule weupe. Nikiuona, hata chai hainipiti kooni mpaka nijue umetoka wapi.

Tabia hiyo ilinifuata nyumbani. Nikiwa namlisha mtoto, simu iko begani. Simu ikiwa begani, jicho liko kwenye laptopu. Na mama akinisimulia jambo, namwitikia "eeh" pale panapostahili "eeh". Nilijivunia hilo. Watu wangapi wanaweza kufanya mambo manne na yote yakaenda? Mama aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba kuzungumza na mimi ni kama kuongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikamwitikia "eeh".

Mwenzangu alikuwa mtu wa kupima wagonjwa. Aliletwa na mkuu wa maabara, ambaye sote tunamwita Daktari, akusanye rekodi katika kliniki moja mjini Kitale. Humvisha mgonjwa kofia yenye nyaya, huketi naye, hunasa mawimbi ya umeme wa kichwani, kisha hututumia Bungoma. Programu pia anaandika, ingawa nitasema ukweli: anaandika kama mtu anayepanda mahindi bila kamba. Mistari inakwenda inakotaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinyoosha, na sijui kama aliwahi kugundua.

Kwao ni Malakisi, upande wa Bungoma kunakolimwa tumbaku. Mama yangu pia alizaliwa huko, akaolewa akaja Kitale. Aliposikia kuna msichana wa kwao anatafuta chumba cha kupanga, hakuomba ushauri wa mtu.

"Mtoto wa kwetu akalale kwa mapurot za kupanga na nyumba iko?" alisema. "Mimi niko hapa na hii mtoto peke yangu wiki nzima. Mwambie akuje."

Nikamwambia aje. Kwa hiyo mambo yakageuka hivi: mimi mwenye nyumba nalala Bungoma kwenye chumba cha kupanga, karibu na maabara, na yeye wa Bungoma analala Kibomet kwenye kitanda nilichokuwa nikilalia. Mwisho wa wiki narudi Kitale kumwona mtoto wangu, nakuta taulo yake kwenye msumari wangu.

Mtoto ndiye sababu ya yote. Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika viti. Nilipopata kazi Bungoma nilifikiri nitaenda naye, nitafute yaya, lakini mama alikataa kabisa. Na kusema kweli niliogopa kumnyima. Baba alipoondoka, mama aliacha kwaya, akaacha shamba likaota magugu mpaka majirani wakaanza kuulizana, akawa anavaa gauni lilelile na kuketi mlangoni. Nilipomletea mtoto akainuka. Alimfunga mgongoni kwa leso siku ileile, na sikumbuki kama aliwahi kumshusha isipokuwa kumlaza au kunipa mimi.

"Huyu ndio dawa yangu," alikuwa akisema, huku akimpapasa mtoto makalio kupitia leso. "Siku mtaniondolea huyu, chimbeni tu shimo lingine karibu na la mzee."

Tulimkemea asiseme hivyo. Lakini nilijua hatanii.

Sasa sikiliza kilichoniuma kuliko firigisi. Wale wawili walikuwa wakizungumza Kibukusu, lugha ya kwao Malakisi. Mimi nimekulia Kibomet, mlango huu Mkikuyu, mlango ule Msabaot, wa tatu Mturkana, na kati yetu sote Kiswahili. Kibukusu changu ni cha harusi na matanga. Salamu naweza, kuomba chumvi naweza, na nikisengenywa nitajua nasengenywa ila sitajua kwa kosa gani. Mama hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Lakini huyu mgeni alipoingia mlangoni na kumsalimu mama, "Mulembe, mayi," niliuona uso wa mama ukifunguka mahali ambapo sikujua pamefungwa. Akamwita omwana wefwe, mtoto wetu. Mimi aliyenizaa hajawahi kuniita hivyo. Pengine hakuona haja.

Nikawa nikirudi Ijumaa nawakuta jikoni, wanachambua mboga za mrenda, maneno yanatiririka, wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Naingia, wanahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Wananihamia kwa adabu, jinsi watu wanavyosogea kwenye benchi kanisani mtu akichelewa, na kicheko kinabaki kule walikotoka.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Aah, mambo ya zamani tu," mama anasema. "Ya Malakisi."

Mambo ya zamani ya mama yangu, anapewa mtu wa juzi.

Jumamosi ile ya firigisi, tulipokuwa tunaosha vyombo baada ya kula, mama alisimama na sahani mkononi akitazama dirishani, akauliza, "Nani anakausha tumbaku?"

Nikacheka. Hicho ni kichekesho cha familia yetu tangu tukiwa wadogo. Kwetu hakuna anayevuta, na baba alikuwa akimtoa nje mgeni yeyote aliyewasha sigara, lakini kila baada ya muda mama anasimama ghafla na kuuliza nani ana tumbaku. Halafu anatulia kidogo, macho yako mbali, midomo inachezacheza kama anayetafuna. Kisha anaendelea na shughuli. Sisi watoto tulikuwa tukisema, "Mama ameenda kwao." Baba mwenyewe hakuwahi kucheka, ila baba hakuwa mtu wa kucheka. Tulidhani ni kumbukumbu, au sala. Akina mama wengi husali wakiwa wamesimama.

"Mama ameenda kwao," nikamwambia mwenzangu, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Aliichukua sahani polepole kutoka mkononi mwa mama, akaifuta, akaiweka kabatini, akarudi kusimama karibu naye mpaka mama alipogeuka na kuuliza sabuni iko wapi. Nikasema moyoni, tazama anavyojipendekeza. Hata sahani ya mwisho hataki niifute mimi.

Wiki hiyohiyo akaingia kwenye kazi yangu pia.

Kwa muda mrefu kifafa chetu cha kompyuta kilikuwa hakifanani na cha watu. Kwenye mawimbi ya wagonjwa halisi kinakuja kwa namna yake, kinajiandaa. Chetu kilikuwa kinalipuka tu, seli zote pamoja, kama mtu amebonyeza swichi. Nilikuwa nimejaribu mengi. Nilikuwa nimeharakisha programu mpaka Daktari akaweza kurudia jaribio mchana mmoja badala ya kungoja siku nyingi, na ni sifa yangu hiyo, hata kama hakuna aliyeitamka. Lakini kuharakisha kitu kisicho sahihi ni kukosea haraka tu.

Ujumbe ukaja kutoka Kitale: "Jaribu kunyamazisha ile sehemu ya pembeni kwanza, kabla kifafa kianze. Kidogo tu, arafu uache."

Nikamwuliza ametoa wapi wazo hilo. Akajibu, "Nimesikia tu. Jaribu, bana."

Nilienda kwa Daktari nikamwambia sisi ni maabara, hatufanyi kazi kwa mambo ya kusikia tu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetetea sayansi. Daktari hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Jaribu," akasema.

Nikajaribu. Nikaipa ile sehemu amri ya kutulia: seli zake zikanyamaza kidogo huku nyingine zikiendelea na soga zao, kisha zikaamka zote kwa mpigo mmoja, zikawavuta jirani zao, na jirani wakawavuta jirani. Nikaweka mawimbi yetu juu ya mawimbi ya kliniki. Yalilaliana. Daktari, ambaye hata stima ikipotea hainuki kwenye kiti, aliinuka. Akasogea mpaka kwenye skrini.

"Huyo msichana ana sikio," akasema.

Mimi niliyeukata ule ubongo, nikaushona, nikaufanya uende, nilikuwa nimesimama hapohapo nyuma yake. Nilisubiri aongeze neno. Akaomba chai.

Tena ule unyamavu uliniharibia kazi. Nilikuwa nimegawa vipande sawasawa, kila prosesa na mzigo wake. Sasa sehemu moja ikinyamaza, prosesa yake inamaliza mapema na kukaa bure, skrini inajaa weupe. Kisha sehemu hiyohiyo inaamka na kulemewa, na zote zilizobaki zinakaa kuingoja. Ikabidi niandike upya ugawaji wote, ili prosesa yenye kipande kilichonyamaza isogee kumsaidia jirani, na ikianza kulemewa jirani waje kwake. Nilifanya hivyo kwa hasira mwanzo hadi mwisho. Niliujua ule unyamavu kuliko ninavyojua kiganja changu: unaanzia wapi, unakua vipi, unakatika wapi. Nikaupa rangi ya bluu kwenye skrini ili niuone vizuri. Na sitajifanya mnyenyekevu, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Weupe ukaisha. Hakuna prosesa hata moja iliyobaki imekaa bure.

Daktari akaita kikao, akaalika watu wachache wa vyuo vya karibu waje waone. Mwenzangu akaja kutoka Kitale. Alikuwa amevaa sweta ya kijani niliyoitambua: mama alikuwa akiifuma tangu Krismasi, nami nilikuwa nikijua moyoni kwamba ni yangu.

Yeye alikuwa wa kueleza, mimi wa kubonyeza picha zibadilike. Alisimama mbele bila karatasi.

"Kuna mama mmoja," alianza. "Hajakuja kliniki, na jina lake sitataja. Yeye ndio alinionyesha hii kitu. Aliniambia hivi: kwanza, jikoni kunanyamaza. Anaona sufulia ikichemka, maji yanaruka, lakini hasikii. Anaona mtoto akifungua mdomo, hasikii. Arafu anasikia harufu ya tumbaku. Si ya sigara. Tumbaku mbichi ikikaushwa kwa kibanda, ndani ya moshi. Mimi nimekulia kwa hiyo harufu, kwa hivyo najua yenye anasema. Ikishafika hiyo harufu, anapotea kidogo, na anarudi. Hakuna mtu kwao anajua ni kifafa. Wanafikiria anaomba."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Ningependa kuandika kwamba nilishikwa na hofu juu ya afya ya mama, au huruma kwa miaka yote aliyosimama pale jikoni peke yake. Vilikuja baadaye, vyote viwili. Kilichotangulia kunipanda kifuani ni wivu, mkali mpaka masikio yakawaka. Amemwambia yeye.

"Picha," mwenzangu akaninong'oneza. Nikabonyeza. Ikatokea ile bluu yangu, ikitanda.

Wakapiga makofi. Mgeni mmoja akauliza huo unyamavu unachukua sehemu gani hasa na unaisha vipi, na Daktari akanigeukia kwa kuwa hilo lilikuwa swali langu. Nikajibu. Nilijibu kwa sauti iliyonyooka, nikaonyesha kwa kidole hapa na hapa. Hakuna mtu katika kile chumba aliyejua jambo hilo kuliko mimi. Nilijua kila kitu juu yake isipokuwa ni la nani.

Nilimfuata nje, nyuma ya jengo, mahali jenereta linapokaa.

"Ni mama yangu."

"Sijataja jina."

"Nimesema ni mama yangu."

Aliangalia viatu vyake. "Aliniomba nisikwambie. Mimi kila siku namwambia aende kliniki, dawa iko, na inasaidia sana. Anasema akienda, wewe utajua. Nimemwomba ruhusa hata ya kusema haya ya leo. Akasema sawa, bora nisitaje jina. Hakujua ungekuwa ndani ya hiyo kikao. Mwulize mwenyewe, dada."

"Usiniite dada."

"Sawa," akasema. Akavuta mikono ya ile sweta mpaka ikafunika vidole. Nikamwacha hapo.

Nilifika Kibomet jua likiwa bado juu. Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno, tena maneno mazuri, yenye hatua na ushahidi. Mama alikuwa kwenye jiko la nje, mtoto mgongoni, anachemsha mahindi. Mtoto aliponiona akapiga mateke ya furaha ndani ya leso. Sikuweka hata mkoba chini.

"Mama, hiyo tumbaku. Imeanza lini?"

Nilidhani atajifanya haelewi. Hakujifanya. Aliifunika sufuria, akakirekebisha kifuniko kikae vizuri.

"Nikiwa msichana," akasema. "Huko kwetu ilikuwa inaniangusha kabisa. Hii mkono," akanyoosha mkono wenye kovu ambalo sisi watoto tuliambiwa ni la uji uliomwagika, "ni moto. Nilianguka hapo. Nikikua ikapungua, ikawa hii ya kupotea tu. Tukaficha, ndio niolewe."

"Na baba?"

"Baba yako alijua. Alikuwa anashika tu mkono yangu mpaka irudi. Hakuwa anasema kitu."

Kwa hiyo baba alijua na mgeni anajua, na mimi niko wa tatu kwenye foleni. Hata marehemu nikamwonea wivu, Mungu anisamehe.

"Na huyu ukamwambia," nikasema. "Mtu wa juzi."

"Aliona mwenyewe. Akaniuliza na lugha yetu, nikamjibu na lugha yetu."

"Mimi ndiye mtoto wako! Na hii ndiyo kazi yangu, mama. Kila siku nikiamka, kazi yangu ni hiki kitu. Kuna mtu gani mwingine ungemwambia?"

"Najua ni kazi yako," mama alisema. "Ndio maana."

"Ndiyo maana nini?"

Alimrusharusha mtoto kidogo mgongoni, kwa ule mwendo wa kiuno ambao hata mimi nimelelewa nao. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akitegemea mgeni fulani siku nyingi, na sasa amesikia hodi.

"Yule nikimwambia, hana kitu ataninyang'anya."

Sikumwelewa. Nikaanza kuongea. Nikamwambia nani anamnyang'anya, nani amesema habari za kunyang'anya, mimi ningemsaidia, ningempeleka kliniki mwenyewe, ningemtafutia daktari mzuri kuliko wote, sisi tuna rekodi, tuna mashine, tunajua mpaka mahali kinapoanzia. Niliongea sana na kwa haraka. Mama hakuwa akiniangalia usoni. Alikuwa akitazama chini, kiunoni pake, nami nikafuata macho yake.

Mkono wangu ulikuwa umeshika mguu wa mtoto. Ulikuwa umeshika kifundo kile kidogo kilichoning'inia nje ya leso, upande wa jiko, na ulikuwa umekibana jinsi unavyombana mtoto ukiwa kando ya barabara kuu. Sikuujua mkono ulipotoka wala ulipofika. Mdomo wangu ulikuwa bado unasema habari za daktari mzuri.

"Ona sasa," mama akasema.

"Simchukui, mama."

"Najua."

"Nimesema simchukui. Nani amesema namchukua?"

Nilikuwa nasema kweli, au nilitaka iwe kweli. Lakini mkono haukuachia. Niliuambia uachie, nikautazama, haukuachia. Chini yake makaa yalikuwa mekundu, na kichwani mwangu ile bluu ya skrini ilikuwa ikitanda, nayo niliijua vizuri mno, inavyoweza kumjia mama bila kubisha, mtoto akiwa mgongoni.

Mama alisubiri kidogo. Alinipa muda wa kutosha, hilo siwezi kumlaumu. Kisha akapeleka vidole kifuani, akafungua fundo la leso bila haraka, akageuka na kunipa mgongo kama anavyofanya siku zote ili nimpokee mtoto asiteleze.

"Shika vizuri," akasema.

Nikashika. Mama akaikunja leso, akaiweka juu ya kigoda, akageukia sufuria yake kuangalia kama mahindi yameiva.